Shibiri Tatu kutoka Sakafuni

Haya nilisimuliwa na mkunga aliyenizalisha kitindamimba wangu, mchana tulipokuwa tunangoja uchungu uchanganye. Yeye aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa yalikotokea, na aliyaona kwa macho yake.

Kulikuwa na mama mjane aliyefua majoho ya kwaya. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyeyapiga pasi. Walifanya kazi chumba kimoja nyuma ya kanisa. Pasi ilikuwa ya mkaa, na sheria ilikuwa moja tu: mkaa hupulizwa nje, si mbele ya nguo. Siku moja wifi alitoka kwenda kisimani. Mfuaji akaona mkaa unafifia, akapuliza palepale mezani. Cheche ikaruka, joho la mwimbishaji likatoboka kifuani, tundu la kupitisha kidole. Akalikunja, akalichomeka katikati ya rundo la wifi, akatoka kuanika.

Tundu lilipoonekana, kamati ya kanisa ikamwondoa wifi kazini, na kwenye kwaya alikoimba vilevile. Watoto wakampachika jina, Bi Cheche. Mfuaji akanyamaza kama maji mtungini.

Jumatatu, akiwa amepiga magoti kabla ya kazi kama desturi yake, akaambiwa: Nenda ukamwambie wifi yako, kisha kamati. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayekukumbusha chumvi.

"Nitakwenda, Bwana," akasema. "Kwanza nifunge siku tatu, niwe safi."

Akafunga. Siku ya tatu aliposimama, nyayo zake hazikugusa sakafu. Alikuwa juu kwa shibiri moja. Kukamua nguo bila kukanyaga ni kazi, lakini alizoea. Akaongeza maombi ya alfajiri, akapanda shibiri ya pili. Akajitolea kudeki kanisa zima, akapanda ya tatu, ikabidi atafute fagio la mpini mrefu.

Waumini walipendezwa. Mzee wa kanisa alisema sasa hakuna haja ya kuazima ngazi, akampa kazi ya kutoa utando wa buibui madirishani.

"Mwenzetu kashaanza safari," akasema mama mmoja.

"Basi viatu atuachie," akajibu mwenzake. "Huko vitamfaa nini?"

Yeye mwenyewe alijua. Alikuwa kama mtoto unayemtuma maji akakuletea maua. Maua ni mazuri, lakini kiu iko palepale. Hata hivyo, asubuhi moja alijaribu tena, akaahidi kufunga siku saba. Akaambiwa yaleyale, kwa sauti ileile.

Basi akaenda, akijivuta kwa kushika kuta za watu. Wifi alikuwa mlangoni, anachambua maharage.

"Karibu, wifi. Shuka ukae."

"Siwezi kushuka. Wifi, joho nililitoboa mimi. Nilipuliza mkaa ndani."

Wifi akatupa kijiwe pembeni. "Nilijua. Cheche haitoki kisimani."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Mfuaji akashuka shibiri mbili. Akaomba msamaha, wakamaliza maharage pamoja.

Kesho yake akaenda kwenye kamati. Mzee wa kanisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, tumekuelewa," akasema. "Ila uamuzi umeshasomwa mbele ya watu. Tukiufuta leo, kesho nani atatuheshimu? Na wifi yako naona ameshazoea."

Wakati mzee akisema hayo, visigino vya mama vilifika chini, taratibu.

Mzee akaviangalia. "Sasa utando nani atautoa?"

Jumapili kwaya iliimba bila wifi. Kwenye mabenchi watu waliulizana mfuaji ametenda dhambi gani hata akashuka. Kazi ya kufua akapewa mwingine.

Jioni wifi akamkaribisha kwake, wakala, akampisha upande wa ukutani. Kitanda kikalia.

"Mzito wewe," wifi akasema.

"Ndiyo."

Nje watoto walipita, wakaita "Bi Cheche" mara mbili. Wifi akavuta shuka, akalala. Mfuaji akangoja kidogo, kama ataambiwa na ile sauti jambo jingine. Hakuambiwa. Naye akalala.