Gunia Lenye Shingo

Jiwe la kusagia lilinyamaza. Kila siku kabla ya alfajiri humsikia mkwe wangu Herlinda akisaga mahindi, kwaru, kwaru, nami najua nyumba imeamka. Siku ile lilikwaruza mara tatu tu. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe, viganja sakafuni, hawezi kuinuka wala kulala.

"Usiniguse, mama. Nikipumua tu kunachoma mpaka mguuni."

Nilimgusa, lakini polepole. Mimi ndiye mkandaji wa migongo hapa kijijini, mwaka wa arobaini sasa. Nilipasha chumvi kikaangoni, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamwekea kiunoni, nikamwambia lile ninalowaambia wote: "Umeingiwa na upepo, mwanangu. Umeoga maji baridi mwili ukiwa moto."

"Jana sikuoga, mama. Nilibeba magunia."

Sikumsikiliza. Rosenda, jirani yetu, alipoona moshi haujatoka jikoni kwetu alikuja na tortilla zake za moto, mikate ya mahindi, akamsaidia Herlinda kuvaa viatu ili nimpeleke zahanati, akaenda zake bila kungoja asante. Njiani alikutana na wenzake wanaokwenda shambani kuchuma kahawa, akawaeleza: bibi Petrona kasema ni upepo.

Tulipofika zahanati, muuguzi Nely alimgonga magoti, akamkuna nyayo, akamuuliza kama mkojo unatoka vizuri.

"Tatizo la mkojo lingekuwepo, ningemkimbiza mjini sasa hivi," alisema. "Lakini mguu unakufa ganzi, lazima daktari amwone. Asilale kitandani siku nzima, atembee kidogo kidogo. Na chumvi yako ya moto ni nzuri, bibi. Ila niambie, anabebaje magunia?"

Nikamweleza. Mkanda wa ngozi, mecapal, hupita kwenye paji la uso, gunia linakaa mgongoni, na mtu anashuka mlima hivyo hadi kwenye mizani. Msimu huu msimamizi, don Evelio, ameamuru kila gunia lishonewe kipande cha kitambaa mdomoni ili liingize kahawa zaidi. Wachumaji wanaliita gunia lenye shingo.

Nely aliniangalia kwa upole. "Sasa bibi, huo upepo umetoka wapi?"

Hospitali ya wafanyakazi haimpokei mtu bila karatasi ya mwajiri inayosema ameumia kazini. Nely akanipa fomu yake, nikaipeleka mwenyewe uwanjani, pale inapoanikwa kahawa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye mizani, mikanda ingali kichwani.

"Bibi Petrona!" don Evelio alicheka. "Umenifuata huku kunikanda?"

"Nimeleta karatasi ya Herlinda, utie saini."

Aliisoma, akanirudishia. "Huyu hakuumia kazini. Ni upepo. Si umesema mwenyewe? Bibi akisema upepo, ni upepo. Aache kuoga ovyo."

Mtu huyu alikuwa akinipiga kwa fimbo yangu mwenyewe! Miaka arobaini nimekanda migongo ya kina mama hawa, nikawarudisha kwao wakijilaumu kwa beseni la maji, na yeye amekaa kivulini, mikono misafi.

"Nilikosea," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Upepo hauna uzito, don Evelio. Gunia lako linao. Nipe moja nilibebe."

"Utakufa, bibi!"

"Basi libebe wewe."

Foleni ikaangua kicheko. "Libebe, don Evelio! Au umeoga asubuhi?" Casilda alipiga kelele. Mwingine akadakia, "Mleteeni blanketi, asipigwe na upepo!"

Hakulibeba. Mkono wake ulikwenda wenyewe kiunoni, nami nakijua kiuno hicho.

"Mgongo huo nimeukanda tangu una miaka kumi na sita," nikamwambia, "ulipokuwa unabeba kahawa kwenye mteremko huuhuu. Nilikuambia ni upepo. Nisamehe, mwanangu. Lilikuwa gunia. Na wewe uliyelibeba, unawezaje kulishonea shingo?"

Casilda alitua gunia lake, akakata uzi wa ile shingo kwa meno, kahawa ikamwagika miguuni pa msimamizi. Aliyemfuata akakata lake. Don Evelio aliangalia foleni yote, kisha akaniomba karatasi. Alitia saini kwa nguvu hadi kalamu ikaitoboa.

Dereva wa pikapu alimtandikia Herlinda magunia matupu asitikisike, akaendesha taratibu kama amebeba mayai. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye uti wa mgongo; hahitaji kisu, anahitaji mazoezi na wiki nyingi bila kubeba, na nafasi yake shambani ingojee. Imengojea. Jiwe la kusagia tumelipandisha juu ya meza, anasaga amesimama.

Migongo naendelea kuikanda. Lile neno silisemi. Namuuliza kila mtu amebeba nini.

Jana don Evelio alisimama kwenye ua wetu, kofia mkononi.

"Bibi, hujafika kwangu kunikanda Jumapili tatu."

Nikaendelea kuchambua maharagwe.

"Siwezi hata kufunga viatu. Huu upepo..." Akainamisha kichwa. "Huu mgongo, bibi. Utapita tena kwangu?"