Baiskeli ya Mtendaji Saturnini

Habari kwamba kuna mtafiti anakuja kuuliza watu kuhusu shule na serikali ya kijiji zilimfurahisha Bibi Mwamini kuliko sikukuu ya Idi. Kijiji cha Tulieni, upande wa Malolo, kilikuwa hakijawahi kuulizwa kitu. Kilizoea kuambiwa.

Bibi alikuwa na jambo lake moja. Darasa la nne, alikokuwa akisoma mjukuu wake Zaitun, halikuwa na mwalimu tangu masika, na mtihani wa taifa ulikuwa mwisho wa mwaka. Anayefeli hurudia, na msichana anayerudia darasa huanza kutazamwatazamwa na wachumba. Bibi mwenyewe aliishia darasa hilohilo akaozwa. Mpaka leo akisoma gazeti lililofungiwa maandazi, husogeza midomo kama mbuzi anayecheua. Hakutaka Zaitun naye aje acheue.

Mtendaji wa kijiji, Saturnini, alikwisha kuambiwa mpaka waliomwambia wakachoka. Jibu lake halikubadilika: wilaya zimegawanyika, Ruangwa imetoka tumboni mwa Nachingwea juzijuzi tu, naye hajui barua ya kuomba mwalimu aipeleke kwa mama au kwa mtoto. Basi hakuipeleka popote.

Mtafiti aliitwa Doreen, msichana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Bibi alitandika mkeka mpya, akatoa karanga za kuchemsha, akajiweka sawa kusema. Ndipo akamwona Saturnini nyuma ya mgeni, anakokota baiskeli yake inayong'aa. Mgeni wa serikali haachwi atembee peke yake. Mwenyeji lazima amsindikize. Akaiegemeza baiskeli kwenye mkorosho, akajibwaga mkekani katikati yao, akavuta sahani ya karanga upande wake.

"Shikamoo, bibi," Doreen akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Na huyo uliyemleta nimkaribishe, au anapita?"

Saturnini akacheka. "Dada, usishtuke. Mimi Mngoni, huyu bibi Mmwera. Ni mtani wangu. Babu zetu walipigana, sisi tunatukanana."

"Babu zako walikuja kuiba mbuzi," Bibi akasema. "Wewe umeona mbuzi wana kelele, unaiba karanga."

Doreen naye akacheka, akafungua makaratasi yake. "Bibi, kaya yako ina jokofu?"

"Ninao mtungi. Maji yake yanauma meno."

"Redio?"

"Ipo. Betri zimeanikwa juu ya bati, zikipata jua zitasema kidogo."

Yote hayo aliyajibu kwa subira, akijua yake yanakuja. Hatimaye Doreen akauliza, "Kuhusu elimu ya msingi hapa kijijini: umeridhika sana, umeridhika, hujaridhika, au hujaridhika kabisa?"

"Hapo kabisa! Weka hapo pa mwisho. Darasa la nne halina mwalimu. Watoto wanakwenda, wanafagia, wanachota maji ya walimu wa madarasa mengine, wanarudi. Huyu hapa anajua."

Saturnini akajipiga paja. "Mnamwona mtani wangu! Dada, atakumaliza huyu. Weka ameridhika."

Doreen akatabasamu, kalamu ikainama pale alipoelekezwa.

"Sitanii," Bibi akasema.

"Na mtani akisema hatanii, ndipo anapotania," Saturnini akasema, na majirani waliosimama uani wakaangua kicheko. Hata Rabia, jirani yake mwenye binti darasa lilelile, akacheka huku akijiziba mdomo kwa khanga.

Bibi alihisi shingo inapata moto. Maisha yake yote alichekesha watu. Harusini walimwita, msibani walimwita. Leo anasema neno moja la kweli, nalo linachekwa kama mengine. Angesema nyumba ya mtendaji inaungua, wangeshika mbavu na kumwomba aendelee.

"Uongozi wa kijiji unashughulikia malalamiko kwa wakati?" Doreen akauliza.

"Malalamiko anayakalia. Msimamishe uone yalivyobonyea."

Kicheko tena. Saturnini akafuta machozi kwa kiganja. "Andika wanashughulikia, dada. Tuwahi kaya nyingine."

Bibi akamtazama Saturnini anavyotafuna. Akakumbuka msiba wa kaka yake, mwaka jana tu: huyuhuyu Saturnini alimkamata jogoo wake mweupe mbele ya waombolezaji, akamchinja, akamla, naye Bibi hakufungua mdomo, kwa sababu hiyo ndiyo haki ya mtani. Anachokamata mtani hakidaiwi kwa hasira. Hukombolewa kwa anachotaka mkamataji. Na anayekasirika, kijiji kizima humwimba.

Akajiinua taratibu, mkono kiunoni, akaenda mpaka kwenye mkorosho. Akaishika baiskeli, akaikokota hadi ndani ya nyumba yake, akafunga mlango, akakaa kizingitini.

"Mtani," akasema, "nimekamata."

Saturnini akacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua maji. "Haya, nitaikomboa kwa jogoo. Tena mkubwa kuliko yule."

"Jogoo hajui kugawanya kwa desimali. Nataka mwalimu."

"Bibi, usilete mchezo! Nina safari!"

"Ooo! Kakasirika!" Rabia akapaza sauti, na safari hii hakujiziba mdomo.

Saturnini akameza mate, akajilazimisha kuonyesha meno. Doreen akamgeukia. "Kumbe ya mwalimu ni kweli?"

"Aa, dada, ni utani tu."

"Ni utani," Bibi akakubali. "Na baiskeli ni utani. Endeleeni na kazi, kaya inayofuata iko kule kilimani."

Doreen akalikata lile jibu la elimu, akaweka la mwisho kabisa. Bibi hakushukuru. Makaratasi alikwisha kuyaona mengi yakipita. Baiskeli ilikuwa ndani.

Ghafla Saturnini akajua barua inapelekwa wapi. Alikwenda Ruangwa mjini juu ya lori la ufuta, akarudi na vumbi kwenye kope, akasema wanashughulikia. Bibi akampa kengele ya baiskeli. "Umeleta neno, chukua kinachopiga kelele. Baiskeli inangoja mwalimu." Akamkumbusha pia kwamba ana kidato cha nne, na darasa lina ubao. Basi kila asubuhi mtendaji akawa anafundisha hesabu, suruali nyeupe kwa chaki, huku Bibi akipita dirishani kumuuliza mbona jibu lake halifanani na la Zaitun. Watoto walimpenda. Yeye hakumpenda mtu.

Mwalimu Klementina alifika korosho zikianza kuanguka, na masanduku yake na kitanda cha kamba. Saturnini hakungoja ashushe mizigo. Akakimbilia kwa Bibi Mwamini.

Bibi akaitoa baiskeli, ameifuta na kuipaka mafuta. Haikuwa na kiti.

"Mtani! Kiti kiko wapi?"

"Uvunguni. Kinangoja matokeo ya Zaitun."

Saturnini alifungua mdomo, akawaona majirani wanavyosogea, akaufunga. Msimu wote wa korosho Tulieni ilimwona mtendaji wake akipita na baiskeli amesimama wima, kengele ikilia, na hakuna aliyemwuliza kama ameridhika.