Funguo za Irmtraud

Hartwig Löbel hakuwa mwandishi mbaya. Balaa lake ni kuzaliwa Bayreuth, Ujerumani. Katika mji huo hata muuza soseji hupiga mluzi wa opera akigeuza nyama, na mtu akishika kalamu, lile jumba la opera la kilimani humkaa kichwani mpaka aandike kwa ukubwa wake. Riwaya ya Hartwig ilikuwa imefika kurasa mia tisa na shujaa bado alikuwa anakata roho.

Ufundi aliuiba huko huko kilimani. Katika opera, kila mtu ana wimbo wake mfupi unaorudi kila anapoingia. Upanga una wake, laana ina wake. Hartwig hakuwa na upanga, alikuwa na nyumba ya ghorofani. Basi daktari katika riwaya akapewa kikohozi, mama mkwe akapewa harufu ya kabichi, na mke, kila alipoingia, funguo zililia mlangoni. Kila alipoziandika zile funguo, Hartwig alitokwa na machozi, akayafuta kwa unyenyekevu ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Kilemba cha ukoka alijivika mwenyewe.

Jumapili moja, baada ya keki ya plamu, mkewe Irmtraud alimaliza kuisoma riwaya. Bila yeye kuikubali, Hartwig asingethubutu kuipeleka popote.

"Huyu mwanamke ni mimi," Irmtraud alisema.

"Ni mhusika tu, mke wangu."

"Mhusika mwenye koti langu. Mbona hasemi kitu? Kurasa zote hizo yeye ni kuliza funguo tu, utadhani askari jela."

"Ndiyo sanaa yenyewe. Zile funguo ni nyumbani, ni mapenzi, ni..."

"Ni kwamba zako unapoteza, bwana mkubwa. Ndiyo maana natembea nazo mimi."

Hartwig alitaka kueleza kuhusu opera. Akaona maji yamezidi unga.

"Miaka yote nilidhani unanisikia mimi nikiingia," Irmtraud alisema taratibu. "Kumbe unasikia vyuma."

Akaziweka funguo juu ya zile kurasa, akavaa koti, akatoka.

Hofu ikamshika Hartwig. Alimpenda mkewe, na hilo alilijua bila muziki wowote. Itakuwaje asiporudi? Mvua ikaanza kunyesha. Akakaa kimya kabisa, akitega sikio mlangoni.

Kengele ikalia. Bila shaka ni jirani, Bi Zapf, kaja kuazima sukari. Si wakati wake. Ikalia tena. Hartwig akakunja uso, akainama mbele ili asikie vizuri zaidi. Bingwa huyu wa sauti alikuwa anangoja funguo zilie mlangoni, nazo zilikuwa mezani, chini ya pua yake.

Alipozitazama ndipo akaruka, akaangusha kiti na nusu ya riwaya.

Irmtraud alikuwa amesimama nje, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Hukunisikia?"

"Nilikuwa nakusikiliza," Hartwig alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Sikio la kufa," alisema Irmtraud, asimalizie.

Hartwig akampokea koti lililolowa. Katika ndoa yao yote, hakuwahi kumfungulia mlango kabla ya siku hiyo.