Muhali Kamatini

Wazee wa posa walifika nyumbani kwa Bi Tabia Ubwa, Kiponda, Jumapili baada ya laasiri, na kamati ya bajeti ilikuwa ikutane Jumatano. Wangalichelewa wiki moja tu, leo nisingalikuwa na la kuhadithia. Walikuja kumposea Hafiz, na Hafiz ni mtoto wa Muhiddin, mwenyekiti wa kamati hiyohiyo aliyomo Bi Tabia. Khairat, binti wa Bi Tabia, alikuwa jikoni akijifanya anaosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Alimtaka kijana yule tangu walipokuwa chuo. Mama mtu akajibu kama ajibuvyo kila mzazi mwenye adabu hapa mjini: tumewasikia, tupeni muda. Posa haijibiwi siku ileile, isije ikaonekana unamtupa mwanao.

Basi siku hizo za kati, baina ya posa na jibu, ndizo za hatari. Watu wa pande mbili hupimana, na neno moja kali lililosemwa sokoni Mlandege hufika nyumbani kabla ya aliyelisema.

Kamatini kulikuwa na shimo. Matumizi ya serikali yameyapita mapato, na kabla bajeti haijapelekwa Baraza la Wawakilishi lazima kitu kimoja kiongezwe au kimoja kikatwe. Cha kuongeza kilikuwa tozo ya vitanda vya hoteli. Cha kukata kilikuwa boti ya wagonjwa ya Tumbatu, ile inayowavusha wajawazito kwenda Mkokotoni uchungu ukiwabana. Watumbatu ndio waliomchagua Bi Tabia, na alikwisha kuwaapia kwamba boti haiguswi. Alimwapia zaidi Bi Sichana. Shahida, mke wa mtoto wa Bi Sichana, aliipoteza mimba yake ya kwanza ufukweni, akisubiri chombo, kabla boti haijaletwa. Sasa ana mimba nyengine.

Wajumbe walibishana asubuhi nzima. Mmoja alisema ukiwagusa wenye hoteli watakimbia. Mwengine akasema kila mwaka wanakimbia na hawajafika hata kisiwa cha Chumbe, hapo mbele ya mji. Mwisho Muhiddin akafika kwenye boti, akavua miwani, akamgeukia Bi Tabia.

"Bi Tabia, hii ni ya watu wako. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Alilipanga tangu alfajiri, na lilikuwa zuri. Lakini alipomtazama aliyekaa kwenye kiti hakumuona mwenyekiti, alimuona baba mkwe wa Khairat. Akafikiri: nikisimama kumpinga mbele ya watu, jioni itasemwa kwamba Tabia ameirudisha posa. Akaona muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayemstahi.

"Sina la kuongeza, Mwenyekiti."

Muhiddin alingoja kidogo, akamuuliza tena kama ni hakika. Akasema ni hakika. Boti ikakatwa, karatasi ikazungushwa, kila mjumbe akatia saini, naye akiwamo.

Na niseme hapahapa: hakuna aliyemlazimisha. Sisi tunausifu muhali tukauita ustaarabu, na nusu yake ni woga mtupu. Mficha uchi hazai, husema wazee. Bi Tabia aliuficha wake, na wa kuzaa ni Shahida.

Muhiddin alimkuta kwenye ngazi, uso umemwiva. Alitaka kujua kwa nini alimnyamazia.

"Nlikuonea muhali," alisema Bi Tabia. "Hii posa ya watoto..."

"Posa ni ya watoto, Bi Tabia. Mimi nlikuwa nakungoja wewe. Wenye hoteli kule Uroa ni watoto wa mama yangu mdogo, wamenishika tozo isiongezwe, ntawakatalia kwa uso gani? Nlitaka mtu mmoja tu aseme hapana, boti isiguswe, nikawambie kamati imekataa."

Bi Tabia akamuuliza kama hawawezi kurudi ndani. Muhiddin akasema ripoti ishakwenda, na ina saini zao wote. Wakabaki pale kwenye ngazi, watu wazima wawili, kila mmoja akiona haya kumtazama mwenziwe. Bi Tabia aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, na teksi aliyoiita ilipiga honi mara kadhaa kabla hajaisikia.

Ijumaa alivuka kwenda Tumbatu. Habari zilikwisha kumtangulia, lakini nusu tu. Watu walimpokea kwa mikono miwili wakimpa pole, na kila pole ilimchoma. Bi Sichana alimkalisha ukumbini, akamwambia wamesikia alivyowapigania, na mtu mmoja hashindani na kundi. Shahida akaleta maji ya kunywa, tumbo limemtangulia, akamwamkia shikamoo, akamshukuru, akarudi uani taratibu. Bi Tabia aliitikia marahaba kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake. Angeweza kunyamaza tena. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.

"Bi Sichana, sikupigana," alisema. "Niliulizwa mara mbili, nikasema sina la kuongeza."

 Bi Sichana alimtazama, akautazama mlango wa uani, kisha akaisogeza bilauri ya maji karibu na mgeni wake.

"Shahida usimwambie," alisema polepole. "Muache ajue kuna mtu alimsemea."