Skrini ya Mlangoni

Uliiona, usikatae. Skrini ya mlangoni mwa hospitali ilisema vitanda vitatu viko wazi, mzee akasukumwa hadi wodini, akarudishwa kwa kuwa hakuna nafasi. Wewe ukainamia simu yako.

Mtengeneza programu ya skrini hiyo hakuwa na pa kuinamia. Aliyesukuma kile kiti cha magurudumu alikuwa shangazi yake.

"Mwanangu, kitu chako kinaniaibisha," shangazi alisema, sare ya kazi ikiwa imemganda mgongoni. "Mlangoni vitatu, kwa muuguzi kumejaa. Nimwamini nani?"

"Kila kipande cha ukurasa kina kumbukumbu yake, shangazi. Kimoja kikipata habari, kingine hakijui."

"Kama wake wenza walionuniana!"

Mtengenezaji alicheka, lakini moyo ulimchoma. Yeye ndiye aliyevigawia kumbukumbu hizo, kila kipande na yake, ili vifanye kazi haraka. Vilipoanza kupishana, aliongeza vipande vya kukumbushana, navyo vikazidisha vurugu.

"Ongeza kingine," bosi wake alisema. "Wageni wanakuja mchana kuiona."

"Sibandiki kiraka juu ya kiraka."

"Ikizimika mbele yao, utajijua."

"Nitajijua, bosi. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Akaanza kung'oa. Kumbukumbu za vipande zote akazifuta, akabakiza sehemu moja tu inayojua kila kitanda. Vipande vingine kazi yao ikawa kuonyesha tu, na anayetaka kubadili kitu apeleke habari kwenye sehemu hiyo hiyo moja. Skrini ikawa nyeupe pe. Bosi akashika kichwa. Yeye hakuinua macho. Alitafuta uzi uliokatika kati ya vipande na sehemu ile, akaupata, akaufunga; namba zikarudi.

Wageni walipoingia, muuguzi ghorofani, ambako wagonjwa watatu walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, alibonyeza kitufe kutenga kitanda kimoja. Tatu ikawa mbili: mlangoni, wodini, kwenye orodha, kwa pamoja. Mtengenezaji alisimama wima, mikono kiunoni, kama aliyemaliza kuezeka nyumba kabla ya mvua.

Tangu aaibishwe na skrini, shangazi alikuwa akipiga simu ghorofani kabla ya kusukuma mgonjwa. Safari hii aliitazama skrini, akairudisha simu mfukoni, akashika vishikio.

"Twende, baba," akamwambia yule yule mzee. "Kitanda kipo. Mtoto wangu kasema."

Kwenye lifti kuna kizingiti, na magurudumu ya mbele yamekwama. Wewe hapo, weka simu yako chini. Shika upande huu, unyanyue.