Hiyo Ilikuwa Salamu

Ujumbe wa benki uliingia Noela akiwa anamenya vitunguu, na baba yake, Mzee Albano, akamwambia ausome kwa sauti. Akausoma. Kisha akausoma tena kimoyomoyo, akidhani macho yamemdanganya.

"Ni hizo tu?" mama yake, Yustina, aliuliza kutoka jikoni.

"Ni hizo tu."

Kwa miezi kadhaa familia ile ya Tandika ilikuwa ikiishi kwa kusubiri hela hiyo. Albano alikuwa fundi wa kiwanda cha samani mpaka siku msumeno wa mashine ulipompitia mkono wa kulia. Vidole viwili vilibaki kwenye vumbi la mbao, na vilivyosalia vikakakamaa. Mfuko wa fidia ukampima, ukasema ulemavu wake ni mdogo, ukamwekea pensheni ndogo ya kila mwezi. Miaka miwili baadaye Noela alimaliza chuo, akarudi nyumbani, akamwona baba yake anavyokula kwa mkono wa kushoto akiwapa watu mgongo. Ndiye aliyemwandikia maombi ya kupimwa upya. Safari hii madaktari walikubali kwamba ulemavu ni mkubwa kuliko ulivyoandikwa mwanzo. Pensheni ikapandishwa, na malimbikizo, waliambiwa, yatakuja kwa mkupuo.

Malimbikizo hayo yalikuwa yameshapangiwa kazi. Kule Keko, Alfonsi, rafiki wa Albano tangu ujana, alikuwa amepata mashine ya kuranda mbao na alitaka mtu wa kuchangia naye. Albano angetoa nusu ya bei, kisha angesimamia kazi kwa jicho lake na maarifa yake, vijana washike mbao. Bila hiyo, angebaki barazani kuhesabu wapita njia. Alfonsi alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, alisema bila kumtazama usoni, kuna jamaa mwingine anaitaka.

"Wamekosea hesabu," Noela alisema. "Wamelipa miezi minne. Kesho tunakwenda."

Pale ofisini walipokelewa na karani aliyeitwa Gibson, kijana mpole mwenye uso wa mtu aliyelieleza jambo lilelile tangu asubuhi.

"Dada, hawajakosea," alisema. "Malimbikizo ni ile tofauti kati ya pensheni ya zamani na hii mpya. Sasa, tofauti hiyo inaanza kuhesabiwa pale mlipoomba mapitio. Mliomba Machi. Machi mpaka Juni mmelipwa kwa mkupuo, na kuanzia Julai mzee anapokea kiwango kipya kila mwezi."

"Lakini kaka, vidole havikukatika Machi."

"Najua."

"Mkono ni uleule!"

"Dada, najua." Gibson aligeuza kompyuta ili waone. "Tatizo ni uchunguzi wa kwanza. Soma hapa. Mhusika anasema anaendelea vizuri, hana malalamiko. Kwa hiyo kwa macho ya mfuko, wakati ule mzee alikuwa na nafuu, halafu baadaye akazidiwa. Mtu aliyezidiwa analipwa tangu aliposema amezidiwa."

Noela akamgeukia baba yake. "Baba, ulisema hivyo?"

Mzee Albano alikuwa ameuficha mkono chini ya kofia, magotini. "Daktari aliniuliza, mzee, hali yako? Wewe ungemjibuje?"

"Baba!"

"Mtu mzima na elimu yake, kanyanyuka kwenye kiti kanisalimia kwa heshima. Nianze kumlilia? Nikamwambia vizuri, namshukuru Mungu. Nikamuuliza habari za watoto. Tukaongea vizuri tu."

Gibson aliinamisha kichwa. Noela hakujua kama anacheka au anasikitika. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Angemkasirikia nani? Daktari aliyeandika alichoambiwa? Karani ambaye siku ile hakuwepo? Au baba yake, ambaye maisha yake yote hajawahi kumjibu mtu kwamba hali ni mbaya, hata siku aliyomzika mama yake mzazi?

"Mnaweza kupinga," Gibson alisema. "Andikeni kwamba mkono ulikuwa hivi tangu mwanzo. Wakikubali, malimbikizo yatarudi nyuma mpaka uchunguzi wa kwanza. Ila watakuita tena kwa daktari, mzee. Huko ukiulizwa, tafadhali, useme."

Waliandika. Tarehe ya kwenda kwa daktari ilipotoka, jioni zote zikawa za mazoezi. Yustina alikaa kwenye kigoda na mwiko mkononi, ndiye daktari.

"Mzee Albano, unaendeleaje?"

"Vizuri, tunamshu..."

"Baba!"

"Basi, vibaya."

"Vibaya vipi?" daktari wa mwiko aliuliza.

"Vibaya kidogo."

"Kidogo!" Yustina alipiga kigoda kwa mwiko. "Nani anakufunga vifungo vya shati kila asubuhi, Baba Noela? Hicho kidogo ndicho kinachokuvalisha?"

Albano alisimama akatoka nje. Hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Daktari mwenyewe, Hamida, alikuwa mdogo, umri wa dada mkubwa wa Noela kama angekuwa naye. Alisimama walipoingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Karibu ukae. Unaendeleaje?"

"Salama kabisa," Mzee Albano alisema, uso ukimeta kwa adabu. "Habari za kazi?"

"Nzuri, baba." Na mkono wa daktari ukashuka kwenye karatasi, ukaanza kuandika.

Chuoni, Noela alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kujibu maswali moyoni. Mbele ya wakubwa hakuwahi kukatiza maneno ya mtu. Sauti iliyotoka ilimshtua mwenyewe.

"Daktari, samahani. Usiiandike hiyo."

Kalamu ikasimama. Baba yake akamtazama kwa jicho ambalo tangu utotoni lilitosha kumnyamazisha.

"Hiyo ilikuwa salamu," Noela alisema, machozi yakimlengalenga. "Mara ya kwanza waliiandika hivyohivyo. Swali lako bado hajalijibu."

Daktari Hamida alitazama karatasi yake, akaikata ile sentensi kwa mstari. "Kweli," alisema. "Haya baba, salamu tumemaliza. Sasa mkono. Shati hili leo umelivaaje?"

Feni ilizunguka juu yao. Mzee Albano alitazama kifua chake, kifungo kwa kifungo.

"Mke wangu ndiye anayenifunga," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka hospitali. Hata siku ile ya kupimwa mara ya kwanza alinifunga yeye. Nikaenda nikasema mimi mzima."

Daktari aliandika kwa muda mrefu, akaukagua mkono, akaandika tena. "Ninaandika kwamba hali ilikuwa hivi tangu uchunguzi wa kwanza," alisema. "Lakini malimbikizo siamui mimi. Kuna kamati. Mtasubiri."

"Mpaka lini?" Noela aliuliza.

"Kwa kweli sijui. Wiki kadhaa. Pengine miezi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ijayo.

Walitoka. Getini, Noela alishindwa kuvumilia. "Baba, nisamehe."

"Umenivua nguo mbele ya yule binti."

Simu ya baba yake ikaita. Ilikuwa ya zamani, yenye sauti kubwa, kila neno la Alfonsi likasikika, na mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mzee wangu! Vipi, uko poa?"

Albano alifungua mdomo. Akaufunga. Noela alimwona akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio uliomuuliza.

"Siko poa, Alfonsi."

"Umesemaje?"

"Nimesema siko poa. Mkono haushiki hata kifungo. Hela imekwama, na aliyeikwamisha ni mie mwenyewe na mdomo wangu. Mwisho wa mwezi sitakuwa nayo. Kama unaweza kunisubiri, nisubiri. Kama huwezi, niambie sasa hivi."

Upande wa pili mtu alizima mashine.

"Mbona siku zote hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unanisalimia."

Alfonsi akashusha pumzi ndefu. "Siwezi kukuahidi kitu, mzee wangu. Jamaa ana hela mkononi. Lakini njoo kijiweni kwanza tuongee, kabla sijamjibu."

Albano alirudisha simu mfukoni kwa mkono wa kushoto, polepole. Kisha akaanza kutembea kuelekea upande wa Keko, na alipoona binti yake amebaki nyuma, akageuka.

"Kesho nenda kwa yule Gibson ukaulize kamati inakaa lini," alisema. "Na akikusalimia, usimwambie nzuri."