Pengo Lisilo na Kitufe

Usiku wa jana niliota ninakunywa chai na birika, na birika ndilo lililokuwa likilalamika kwamba chai haina sukari.

"Ungekuwa unanijali ungetia na tangawizi," likasema. Lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mke wangu, miguu yake mifupi ikining'inia, na kichwani halikuwa na kifuniko. Nililitambua mara moja. Lilikuwa birika la kwenye gemu.

Niseme kwanza habari za gemu hiyo, maana asiyeijua atadhani nimeota upuuzi. Ni gemu ya kuruka. Birika dogo lenye miguu limepotelewa na kifuniko chake, nalo huruka angani kutoka rafu hadi rafu likikitafuta, huku maji yake yakizidi kupoa. Watu waliisifu sana zamani, wakati mimi bado niko kazini. Binti yangu Kalunde anasema wenzake walikuwa wakiicheza mpaka wanasahau kula. Mimi nimeifahamu mwaka huu, nikiwa mzee mwenye wajukuu, na sioni aibu. Hata kusoma nilianza nikiwa na ndevu, katika masomo ya jioni, dawati moja na mpishi wa misheni, na tulimaliza wote wawili. Kitu kizuri hakichelewi. Anayechelewa ni mtu, naye akifika amefika.

Ubaya wa gemu hiyo ni mmoja. Rimoti yake ina vipande viwili. Cha kushoto hutembeza birika, cha kulia hulirusha. Kuruka mara moja, unabonyeza kitufe. Lakini kuna mapengo mapana, na hapo birika lazima liruke tena likiwa hewani, kwa nguvu ya mvuke wake. Mruko huo wa pili hauna kitufe. Inakubidi uinue kipande cha kulia na kukipunga juu, mkono mzima kutoka begani, kama mtu anayefukuza kunguru.

Na bega langu la kulia limeganda tangu nilipoanguka bafuni. Mkono unaning'inia tu. Kalunde, ambaye ni muuguzi Mwanza, alinichorea mstari wa penseli ukutani, kando ya dirisha la sebuleni. Akasema, "Baba, kila siku pandisha vidole ukutani polepole, kama buibui, mpaka ufike hapa." Sikufika. Kupapasa ukuta si kazi ya mtu mzima. Ndipo alipoleta gemu, akidhani sitatambua kwamba ni dawa ile ile imepakwa asali. Nilitambua. Nikaicheza kwa kidole gumba peke yake, nikipita njia zote za kuzunguka, mpaka likabaki pengo moja la mwisho ambalo halizungukiki.

Sasa Ijumaa hii daktari anataka kunilaza, anipe dawa ya usingizi, kisha aunyooshe mkono wangu kwa nguvu nikiwa sijijui. Yaani mtu avute kiungo changu bila mimi kuwepo!

"Si upunge mkono, baba Kalunde," mke wangu Nyamizi aliniambia juzi, akichambua mchele.

"Sipungi. Mashine ya maana ina kitufe."

"Basi birika litakufa na baridi yake."

"Litasubiri waweke kitufe."

"Waweke nani? Waliolitengeneza nao wameshazeeka."

Sasa turudi kwenye chai.

"Mzee Kapela," birika linaniambia, "unajua umenitumbukiza shimoni mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu, nikachoka. Huko chini wameshanizoea. Wananiita Bwana Karibu Tena."

"Pole sana. Lakini kosa si langu. Waliokutengeneza walisahau kitufe."

"Hawakusahau. Hebu chungulia maji yangu."

Nikachungulia. Yalikuwa vuguvugu, na ndani yake kulikuwa na stesheni.

Sikumbuki kama mimi niliingia au stesheni ndiyo iliyotoka. Niko Ilalwe, stesheni ndogo nilikofanya kazi ya kuongoza ishara za treni mpaka nikastaafu. Kwa wasiojua, zamani ishara ilikuwa mlingoti mrefu wenye mkono wa bati. Mkono ukinyooka pembeni, kama mtu anayezuia ng'ombe njiani, treni isimame. Mkono ukishuka, njia nyeupe, treni ipite. Mimi nilikuwa juu kibandani, nikivuta nyenzo za chuma zilizounganishwa na mikono hiyo kwa waya mrefu. Wenzo haushikwi kwa kiganja kitupu. Unashikwa kwa kitambaa, kwa sababu jasho hutia chuma kutu. Kitambaa changu kilikuwa kisafi kuliko shati la stesheni masta, na yeye alijua.

Safari hii kibanda kinaelea. Reli zimekatikakatika na kupangwa angani kama rafu. Nyenzo hazipo. Mahali pake pana vitufe, vikubwa kama sahani za pilau.

Nafurahi sana. Nabonyeza cha kwanza, mlango unanipa shikamoo. Naitikia marahaba. Nabonyeza cha pili, shati langu linajipiga pasi nikiwa nimelivaa. Nabonyeza cha tatu, stesheni masta anatokea, mdogo kama kopo la maziwa, anapiga saluti na kutoweka.

"Hii ndiyo nchi iliyoendelea," nasema.

"Nchi ya wavivu," sauti inajibu nyuma yangu.

Nageuka. Nyenzo zangu za zamani zimekaa kwenye benchi kama wastaafu wanaosubiri dirisha la pensheni lifunguliwe, zinakunywa uji.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, ila tuna kutu," ule mnene unasema. Huo ndio uliokuwa mgumu kuliko zote. Niliuvuta kwa kuegemeza mwili mzima. "Wewe ulikuwa mtu wa mabega, Kapela. Leo unaishi kwa kidole gumba."

"Mstaafu ana haki ya kupumzika."

"Sisi ndio tumestaafu. Wewe umejificha."

Maneno hayo yaliniudhi. Nikaanza kupanga hoja zangu, ya kwanza na ya pili, kama tulivyofundishwa. Kabla sijafungua kinywa, filimbi ikalia.

Kinachokuja relini si treni. Ni kitanda cha hospitali, kimetandikwa shuka nyeupe, mto umewekwa mbele mahali pa taa, na moshi wake unanuka spiriti. Kinaruka kutoka kipande cha reli hadi kipande. Kwenye mapengo mapana kinaruka mara ya pili hewani. Kinaruka vizuri kuliko mimi, hilo siwezi kulificha.

"Mzee Kapela!" kinaita kwa adabu. "Ijumaa imefika. Panda, tafadhali."

"Simama hapo! Sijakupa njia."

"Umenipa. Tazama mkono wako."

Natazama. Bega langu limekuwa mlingoti. Mkono wangu wa kulia ni wa bati, mwekundu, una mstari mweupe karibu na ncha. Nao umeshuka.

"Mkono ukishuka, njia nyeupe," kitanda kinasema. "Mimi ni chombo cha hospitali tu, nafuata kanuni."

Kanuni hiyo niliwafundisha vijana wengi, na aliyekosea nilimrudisha darasani mbele ya abiria.

Nakimbilia vitufe. Nabonyeza kimoja, ndevu zangu zinajinyoa upande mmoja. Nabonyeza kingine, mvua ya karanga inanyesha. Nabonyeza kila kilichopo, na mkono bado umeshuka, na kitanda kinazidi kusogea.

"Kitufe cha mkono kiko wapi?" nauliza benchi zima.

Wenzo mnene unamaliza kwanza uji wake. "Mkono haukuwahi kuwa na kitufe," unasema. "Ulikuwa na wewe."

Mbele ya kibanda kuna pengo, pana kuliko yote. Ng'ambo yake kuna rafu moja, na Nyamizi amekaa juu yake, anamenya zile karanga zilizonyesha. Nyuma yake kuna ukuta wa sebule yetu, na ukutani mstari wa penseli. Juu ya mstari kifuniko kinaning'inia kwenye msumari.

"Wewe," naliambia pengo, "huna kitufe hata kidogo?"

"Sina," pengo linajibu. "Nina upana tu."

"Baba Kalunde!" Nyamizi anaita. "Unabishana na shimo?"

"Nalielimisha!"

"Lielimishe upesi, kitanda kinakuja. Na mimi sitalala na mtu aliyenyooshwa na wengine kama nguo ya dobi."

"Nitupie kitambaa!"

Anafungua kitambaa cha jikoni kilichofungwa kiunoni mwake, anakitupa. Kinavuka pengo kwa mruko mmoja. Niliona si haki. Nakiweka kwenye kiganja cha kulia na kukaza vidole, kama nilivyofanya kila siku ya kazi yangu, na sasa naanza kuinua.

Inauma. Waya unalia mahali fulani ndani ya bega. Kutu inadondoka kama unga wa mtama. Kitanda kiko karibu kiasi kwamba naweza kusoma namba iliyochapwa kwenye shuka. Naegemeza mwili mzima. Mkono unapanda kidogo na kukwama. Nauambia, "Wewe ni wangu au ni wa daktari?" Haujibu, ila unapanda. Nyenzo zote zimesimama kwenye benchi, uji mkononi. Mkono unapanda tena, na mara unanyooka pembeni, sawasawa, kama wa mtu anayezuia ng'ombe.

Kitanda kinakaza breki. Mto unaruka na kutumbukia pengoni.

"Karibu," nasikia pengo likiuambia.

"Nyekundu," kitanda kinasema, kinajikunja shuka. "Nasimama. Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokupa njia mimi mwenyewe, nikiwa macho."

"Sawa, mzee." Hakuna kitanda chenye adabu kama kile.

Nataka kuushusha mkono nipumzike, lakini kuna kitu kinanigonga goti. Ni birika.

"Maji yangu yamebaki na joto la mate," linasema. "Pandisha zaidi."

"Zaidi ya hapa haipo. Mkono wa ishara hauna daraja la juu ya hapa. Treni haitaelewa."

"Si kwa ajili ya treni," birika linasema.

Nikafikiri. Nilifikiri kwa haki, nikaona hoja yake haina tundu. Nikalishika mpini wake uliojaa masizi, na mpini ukakaa kiganjani kama kipande cha kulia cha rimoti. Hata kitufe kilikuwepo, chini ya kidole gumba. Nikabonyeza.

Tunaruka. Tunapita juu ya kitanda, juu ya kibanda, juu ya stesheni masta ambaye anapiga saluti. Tunafika katikati ya pengo na kasi inakwisha. Chini nawaona wale waliolizoea birika, wanapunga mikono, wanaita, "Bwana Karibu Tena! Leo na mgeni!"

"Kidole hakina kazi hapa," birika linasema kwa utulivu mkubwa.

"Najua," nasema. "Usiniharakishe."

Nikapunga mkono mzima kutoka begani, mpaka juu kabisa, kama anayefukuza kunguru wote wa Tabora. Ndani ya bega kitu kikaachia, na sauti yake ilikuwa ya wenzo mnene ukiingia mahali pake. Mvuke ukatoka. Tukaruka mara ya pili. Nikaona mstari wa penseli ukipita mbele ya pua yangu ukienda chini, nikatua kwa kiganja ukutani, nikakinyakua kifuniko.

Nikalivika birika. Likatulia kidogo, likasikiliza maji yake.

"Asante, Mzee Kapela," likasema. "Ila ile chai bado haina sukari."

"Baba Kalunde!"

Hiyo ilikuwa sauti ya kweli, nami nilikuwa macho, kitandani kwangu, na jua limeshaingia dirishani. "Baba Kalunde, hebu njoo sebuleni! Nani kauchafua ukuta wangu?"

Nikaenda. Nyamizi amesimama kando ya dirisha, kitambaa cha jikoni mkononi. Mstari wa Kalunde upo pale pale. Juu yake, kiasi cha shibiri moja, kuna alama ya kiganja cha masizi, vidole vimetanuka.

Akasogeza pua. "Masizi ya birika letu." Akanitazama mkono. Nami nikautazama. Vidole vya kulia vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

Akaukamata mkono huo kwa upole, akaulinganisha na alama kwa macho tu, asiuinue.

"Umefikaje huko juu?"

"Niliruka."

"Mara ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Na bado nasema wangeweka kitufe."

Nilidhani ataniambia nirudi kulala. Badala yake alinyoosha kile kitambaa kuelekea kwangu.

"Uliyechafua ndiwe utakayefuta," akasema.

Nikakipokea kwa mkono wa kulia.